Barua ya wazi: Namba peke yake hainisaidii mlangoni

Kwa wenye dhamana ya kuhakiki filamu na kuzipangia madaraja nchini,
Kwa maofisa utamaduni, Mkoa wa Tanga na Jiji la Tanga.

YAH: ALAMA ZA UMRI KWENYE FILAMU NA WATOTO WA VIBANDANI

Waheshimiwa, tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama ninayeendesha kibanda cha video Makorora, hapa Tanga mjini. Kilianzishwa na marehemu mume wangu, sasa nakiendesha na mwanangu wa kiume. Vijana wanakiita kibanda umiza, na kwa mabenchi yale siwezi kuwabishia. Kukiwa na mpira tunaonesha mpira, na Coastal Union ikicheza hapatoshi. Siku nyingine ni muvi, mchana na usiku. Jumamosi asubuhi ni zamu ya watoto: katuni, picha za wanyama na za Kihindi za kuchekesha, kiingilio shilingi mia mbili. Kibali ninacho, ushuru nalipa. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani barua hii imetoka kwa wale wanaotaka vibanda vifungwe. Nataka viendelee, na changu kikiwa cha kwanza.

Ombi langu ni moja, ingawa lina matawi. Alama ya umri ije pamoja na sababu yake, na ipime kile ambacho mtoto wa huku anakiona na kukisikia hasa. Namba tupu, iliyopimwa kwa watoto wa nchi nyingine, juu ya maneno ambayo mtoto wa Makorora hatayasikia kamwe, hainisaidii ninaposimama mlangoni na sarafu za watu mkononi.

Nianze na hizo namba za wenzetu, maana ndizo zinazotufikia zaidi.

Picha za Kihindi huanza na karatasi. Kabla ya muziki, kabla ya jina la steringi, kioo kizima kinajaa cheti cha bodi ya India: jina la filamu, urefu wake, sahihi, na herufi kubwa, U au UA au A. Kinakaa pale sekunde chache kisha kinapotea. Watoto wangu wa Jumamosi wanakijua vizuri sana. Kikitokea wanapiga makofi, kwa kuwa wanajua sasa picha inaanza. Hakuna hata mmoja, wala mzazi wa hata mmoja, aliyewahi kuniuliza zile herufi zinasema nini. Na zinasema mengi. U ni ya watu wote, A ni ya wakubwa tu. UA ni ya wote ila mtoto awe na mwongozo wa mzazi, na mwaka 2023, India walipoirekebisha sheria yao ya 1952, waliigawa UA mara tatu: kuanzia miaka 7, miaka 13 na miaka 16. Watu wazima wamekaa kwenye chumba, wametazama, wamebishana, wametia sahihi. Kazi yao inapita mbele ya watoto huku wakipiga makofi, na sauti ya DJ, yule anayeitafsiri muvi kwa Kiswahili, juu yake inasema, "Kaeni mkao wa kula!"

Hata kama ningewasomea, ningewasomea nini? Kilo ya sukari ni kilo Ngamiani na ni kilo London, lakini umri wa filamu hauna mizani ya namna hiyo. Waingereza walianzisha bodi yao mwaka 1912 na leo wana U, PG (mtoto kwa mwongozo wa mzazi), 12A, 15 na 18. Hiyo 12A waliileta mwaka 2002: mtoto wa chini ya miaka 12 anaruhusiwa sinema, ila aingie na mtu mzima. Sweden ngazi yao ya juu kabisa ni miaka 15, ukishaivuka hakuna filamu ya sinema unayozuiwa. Wakenya, majirani zetu wa ng'ambo ya Horohoro, wana GE (ya watu wote), PG, 16 na 18, basi. Wamarekani walianza mfumo wao mwaka 1968, na mpaka 1984 hawakuwa na kitu chochote kati ya PG na R, ile ambayo aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Mwaka huo zikatoka filamu mbili, Gremlins na ile ya pili ya Indiana Jones, zote zikiwa na PG. Katika hiyo ya Indiana Jones mtu anang'olewa moyo kifuani kwa mkono, na moyo unadunda. Wazazi waliokuwa wamepeleka watoto wao wakapiga kelele, na kabla mwaka haujaisha ikazaliwa PG-13, ya kuwaonya wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 13.

Hapo kuna la kujifunza. PG-13 ililetwa na wazazi walioona kwa macho yao kwamba pana pengo. Na mpaka leo wanaopanga umri kule Marekani ni wazazi, wanatazama kisha wanapiga kura. Waingereza nao kila baada ya miaka michache wanarudi kwa wananchi kuwauliza wanaonaje, halafu wanaandika miongozo upya.

Kila nchi imeandika kwenye alama zake kile inachokihofia kwa watoto wake. Kule Marekani neno moja zito la matusi ya ngono likitamkwa zaidi ya mara moja, kwa kawaida filamu inapanda mpaka R. Lakini bunduki zinaweza kurindima tangu mwanzo hadi mwisho, maiti zikaanguka kama maembe, na alimradi damu haionekani sana, mtoto wa miaka 13 anatazama peke yake. Wazungu wa upande mwingine wa bahari wanashangaa: kwao mwili wa mtu si jambo la kumtisha mtoto, bunduki ndiyo. Siwahukumu. Nauliza tu hofu yetu sisi imeandikwa wapi.

Nitawapa mfano wa hofu yetu.

Miongozo ya Waingereza inasema kitisho kikiwa kwenye hadithi ya mambo yasiyokuwepo duniani, makali yake yanapungua. Ni busara, kwa watoto wao. Mtoto wa kule akiona jini anajua kabisa ni hadithi, anacheka, analala. Sasa mlete jini huyohuyo Tanga. Huku mtoto amekulia nyumba ambayo bibi anafukiza ubani, mtaa wa pili kuna mganga mwenye bango, na akipelekwa na shule yake mapango ya Amboni anaoneshwa mahali ambapo watu wazima, wenye akili zao, wanaacha sadaka. Jini kwake ni jirani ambaye bado hajakutana naye. Ukimpimia filamu ya majini kwa kipimo cha hadithi ya kubuni umemdanganya.

Nilikuwa kwenye basi natoka Dar es Salaam, kipindi cha likizo ya shule. Kiti cha mbele yangu alikaa bibi mmoja amempakata mjukuu, mtoto wa darasa la kwanza au la pili hivi. Tulipoiacha Chalinze kondakta akaweka picha ya Kinaijeria iliyotafsiriwa. Shangazi wa familia, mwanamke mpole, mcheshi, anayewapikia watoto, usiku anaamka, anageuka nyoka, anapita chumba hadi chumba. Yule mtoto alifumba macho. Lakini spika ilikuwa juu ya kichwa chake, na sauti haifumbwi. Akawa anafumbua kidogo, anafumba, anafumbua. Bibi alimwambia kondakta, "Mwanangu, tupunguzie hata sauti," kondakta akajibu kwamba abiria ndio waliotaka. Mkata ikapita, Segera ikapita. Muheza bibi alimnunulia chungwa lililokwisha menywa, akalishika tu mpaka maji yakamtiririka kiwikoni. Kabla hatujafika Pongwe nikamsikia anauliza, "Bibi, shangazi Mwanaidi naye anageuka?"

Hilo swali sikulipenda. Nchi hii imezika vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, na hayo hayakuanza na filamu, najua. Lakini mtoto anapofundishwa kwa saa mbili, kwa picha na kwa sauti kubwa, kwamba mwanamke mpole wa nyumbani ndiye mchawi, hilo ni somo, na hakuna bodi ya ng'ambo itakayolihesabu. Wao wataandika "kitisho kidogo". Kipimo hicho ni lazima kitoke hapa.

Filamu za ndani ya mabasi ni jambo la peke yake, na nataka nikae nalo kidogo. Alama ya umri inafanya kazi mahali penye mlango. Mtu anasoma bango, anaamua, anaingia au anageuka. Basini mlango umefungwa, gari liko mwendo wa themanini, tiketi umeshakata. Mtoto haondoki, mzazi haondoki, na kioo kiko mbele ya kila mtu. Hata filamu ya miaka 16 yenye alama safi kabisa, yenye sababu na kila kitu, ikiwekwa basini alama yake haina kazi. Kwa hiyo mabasi yanataka kanuni yao: filamu za watu wote tu, au mziki, au kimya. Wenye mabasi wana wa kuwasimamia, LATRA, na leseni zao zina masharti mengi tayari. Sioni ugumu wa wahakiki wa filamu kukaa meza moja na LATRA wakaongeza sharti hili. Madereva wenyewe watashukuru. Nina ndugu yangu suka, ananiambia akisikia mayowe nyuma huwa hajui kama ni picha au ni abiria.

Sasa nije kwenye kitu ambacho sijawahi kusikia kikijadiliwa kwenye semina yoyote, nacho ni DJ.

Tangu enzi za Lufufu, mtafsiri wa muvi aliyevuma zamani, mtazamaji wa kawaida haji kibandani kusikiliza Kiingereza wala Kichina. Anakuja kumsikiliza anayetafsiri. Na anayetafsiri hatafsiri tu, anatunga. Adui anamwambia steringi maneno matatu ya Kichina. DJ anayageuza kuwa nusu dakika: kamtukana mama yake, kamcheka kwa kushabikia African Sports, kamkumbusha deni la vocha. Kibanda kizima kinalipuka kwa kicheko. Mimi mwenyewe nacheka, sitakuwa mnafiki. Lakini angalieni kilichotokea. Filamu ilipimwa Hong Kong au Marekani au hapahapa nchini ikiwa na maneno yake ya asili. Ikapewa umri kwa maneno hayo. Maneno hayo sasa yamezimwa, yamewekwa mengine. Nimeonesha picha ya watoto, ya wanyama wanaoongea, ambayo kule ilikotoka ni ya watu wote, ikiwa imeingizwa matusi ya kuwafanya hata wachuuzi wa samaki wa Deep Sea wageuze shingo. Siku hizi naisikiliza kwanza na mwanangu kabla ya kuwawekea watoto, mwanzo hadi mwisho, na kuna zinazorudi zilikotoka.

Na kinyume chake kipo. Kuna DJ mmoja, fundi kwelikweli, picha ikikaribia kitandani anasema, "Wadogo zangu, hapa wakubwa wanajadili bei ya mkaa, tukutane mbele," anaruka, hadithi inaendelea bila mtu kupotea. Mwingine akifika pale steringi anapochinja anashusha sauti na kusema, "Hii ni rangi ya nyanya, msiogope." Watoto wanacheka badala ya kujificha. Picha iliyoingia kwake ikiwa ya miaka 15 imetoka ikiwa ya miaka 10. Mnaona? Huyu kijana aliyekaa chumbani na maiki na kompyuta yake ndiye anayepanga umri wa filamu kwa watoto wa Tanga, na hakuna aliyemwomba, hakuna aliyemfundisha, na hakuna anayempima.

Ma-DJ wasipigwe marufuku. Mkiwapiga marufuku vibanda vitakufa na tafsiri zitaendelea gizani, zikiwa mbaya zaidi. Waiteni. Waandikisheni, wapeni mafunzo ya siku chache, na filamu iliyotafsiriwa ihakikiwe kama filamu mpya, kwa sauti yake mpya. Kisha wapeni sharti moja jepesi: DJ aisome alama na sababu yake kwa sauti mwanzoni, kwa mtindo wake, kwa mbwembwe zake. Akisema "Hii ni ya kuanzia darasa la saba, ina mapanga na ina msiba," kibanda kizima kitasikia, pamoja na mama aliyepita nje na ndoo ya maji. Alama iliyoandikwa inasomwa na wachache. Sauti ya DJ inavuka ukuta wa mabati.

Nimesema "darasa la saba" kwa makusudi. Vitambulisho vya taifa ni vya miaka 18 kwenda juu. Mtoto wa miaka 13 hana karatasi yoyote mfukoni. Ananisimamia mlangoni, "Nina kumi na sita, mama," kidevu juu. Umri wanadanganya wote, na siwezi kumbishia mtoto siku aliyozaliwa. Basi huwa nauliza, "Unasoma wapi, darasa la ngapi, mwalimu wako nani?" Hapo wanaanguka. Darasa halifichiki mtaani. Sare iko kambani kwao, dada yake yuko benchi la nyuma na ameshaanza kucheka. Nimekuja kuamini kwamba kwa huku kwetu kuandika chekechea, darasa la kwanza mpaka la nne, la tano mpaka la saba, sekondari, na wakubwa, kungeeleweka na mzazi, na mtoto, na mimi, kuliko namba peke yake. Mnaweza kuziweka zote mbili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na ni sahihi kwa mambo ya haki. Ila kwa mwenye kibanda, wa miaka 4 na wa kidato cha nne hawawezi kukaa benchi moja mbele ya picha moja.

Kuna hili la mwongozo wa mzazi nalo. PG inamtegemea mzazi wa kumwongoza mtoto, anamziba macho, anamweleza. Huyo mzazi saa hizo yuko sokoni Mgandini, au bandarini, au yuko uani anafua. Anayemleta mtoto kwangu ni kaka yake wa darasa la sita, na mgongoni ameleta mwingine. Nikimwambia "hii inataka mtu mzima," ananionesha kifua: yeye ndiye mtu mzima. Kwa hiyo mkiandika kwamba filamu inataka mwangalizi, andikeni mwangalizi ni nani. Awe na miaka 18 au zaidi, aingie ndani, akae. Shangazi sawa, bibi sawa, jirani anayejulikana sawa. La sivyo filamu hiyo kwangu naihesabu ya wakubwa, na nataka niwe na karatasi yenu ya kumwonesha anayebisha.

Kuhusu sababu. Uholanzi tangu mwaka 2001 wanaweka vijipicha pembeni ya umri: ngumi kwa ugomvi, buibui kwa vitisho, sindano kwa dawa za kulevya, na vingine vya lugha chafu, ngono na ubaguzi. Mtu asiyejua kusoma anaelewa. Ndicho ninachokitaka hasa, maana watoto wa umri mmoja hawafanani. Ninaye mmoja wa darasa la tatu anayetazama mapigano akila karanga, lakini mbwa akiumia anatoka nje analia. Mama yake akijua kilichomo ataamua vizuri kuliko mimi na kuliko bodi yoyote. Namba peke yake inamnyima mama huyo kazi yake. Vijipicha vya mambo ya huku kwetu tutaviongeza wenyewe. Kwa uchawi nawapendekezea tunguri; hakuna mtoto wala mzee wa Tanga atakayeuliza maana yake.

Nitakalosema sasa huenda likawaudhi baadhi yenu. Tukizungumza maadili ya filamu hapa nchini, mazungumzo huanza na sketi na kuishia na busu. Busu likitokea kibandani, wazee wanaguna, mzazi akipita ananiita pembeni. Lakini kwenye hizi tamthilia na vichekesho vyetu mke anachapwa mkanda sebuleni mbele ya wanawe, mfanyakazi wa ndani anavutwa nywele, na watu wanacheka kwa sababu anayepiga ni mchekeshaji. Hakuna anayeguna. Jumamosi moja baada ya picha watoto walikuwa wanacheza baba na mama kwenye mchanga nje ya kibanda. Yule aliyekuwa baba, mtoto mdogo kabisa, alianza mchezo kwa kufungua mkanda wa kaptula. Hakuna aliyemwelekeza. Mkija kupanga sababu zenu, kipigo cha nyumbani kinachofanywa kichekesho kiwekwe juu, juu ya busu, na mniwie radhi wanaodhani nimekosa adabu.

Na lipo la upande wa pili: jambo zito si lazima liwe baya kwa mtoto. Filamu ya binti aliyeachishwa shule aozwe, au ya mtoto anayeguswa vibaya na mjomba na hajui amwambie nani, ni nzito. Lakini nikiambiwa ni ya wakubwa tu nitasikitika, kwa sababu wanaoihitaji ni watoto wa darasa la tano. Tazameni filamu inasimama upande gani, na imeoneshwaje. Mara nyingi kinachomwumiza mtoto ni namna mambo yalivyopigwa picha, kuliko mambo yenyewe.

Sheria yetu ya filamu na michezo ya kuigiza ni ya mwaka 1976. Imerekebishwa, na kanuni zikaja 2011, lakini mifupa yake ni ya siku ambazo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Vya kwanza vilikuja 1994. Picha ilikuja kwa mikanda, ikaoneshwa kwenye jumba la sinema lenye dirisha la tiketi. Kisha zikaja kanda za video, zikaja diski, na mwaka 2013 TRA wakaleta stempu za kodi za kubandika kwenye makasha ya filamu na muziki. Kasha lilikuwa na uso, lilikuwa na mahali pa kubandika kitu. Leo kijana wa laibrari ya muvi anakujazia flashi, na faili linaitwa "ACTION MPYA KALI 14". Hakuna kasha, hakuna uso, hakuna pa kubandika. Alama isipokuwa ndani ya filamu yenyewe, mwanzoni, kwa picha na kwa sauti, haitafika popote. Hawa vijana wa laibrari nao waiteni, wana akili. Wakipangiwa folda moja ya watoto na nyingine ya wakubwa, kwa utaratibu mmoja unaojulikana, wataufuata, kwa sababu wateja wao ni akina mama wanaouliza kila siku, "Kuna ya watoto?"

Nawaomba basi, mkipanga kurekebisha madaraja, msikae wenyewe. Wekeni mwalimu wa chekechea, ustadhi wa madrasa na mwalimu wa Jumapili, mama wa nyumbani, DJ mmoja, mwenye kibanda mmoja, na vijana wawili wa sekondari ambao utoto bado wanaukumbuka. Waoneshwe filamu moja hiyohiyo Tanga, Mwanza na Iringa, muone hofu zinatofautiana wapi. Uchawi wa nyoka unaotutisha sisi wa pwani sijui kama unamtisha mtoto wa Iringa.

Kwa upande wa hapa Tanga siwaachii ninyi kazi yote. Wenye vibanda wa Makorora na Msambweni tumekubaliana Jumamosi asubuhi iwe ya watoto tu, na usiku baada ya isha mtoto wa shule haingii hata akija na mjomba. Wengine wa mitaa ya juu bado wanasuasua kwa sababu mteja ni mteja. Afisa utamaduni wa jiji akituita kikao kimoja, na karatasi yenye mhuri ikatoka, watasuasua kidogo zaidi kisha watakubali.

Mkitaka kuona mambo yalivyo, njooni Jumamosi saa tatu asubuhi. Msije na gari la serikali lenye bendera, mtawakimbiza wote na nitapata hasara. Panda bajaji, ulizia kibanda cha mama, kaeni benchi la nyuma. Kiingilio chenu ni mia tano, bei ya wakubwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye kibanda, Makorora, Tanga.

Nakala: LATRA, ofisi ya Tanga, wenye vibanda vya video, kata zote za jiji.